Ritongo Likishakaa, Nani Anamsikiliza Mtuhumiwa?

Leo naomba tuache kidogo siasa za Dodoma na usajili wa Simba na Yanga, turudi nyumbani Mara. Kuna jambo ambalo kila kijana wa Tarime na Serengeti analijua, lakini tunaliongelea chini chini tu, vijiweni, tukihakikisha kwanza hakuna mzee karibu.

Tuseme hivi. Ni saa nane usiku, kijiji fulani kati ya Nyamwaga na mto Mara. Yowe linapigwa. Ng'ombe 12 wa mzee mmoja hawapo zizini. Wanaume wanatoka na tochi, mapanga na mishale, wanafuata nyayo. Kunapokucha nyayo zinapotea karibu na mji wa kijana mmoja wa bodaboda, ambaye mwezi uliopita kanunua pikipiki mpya na hakuna anayejua hela katoa wapi. Mchana ritongo linaitishwa. Jina lake linatajwa, mtu mmoja anasema alimuona jioni "akizungukazunguka", wa pili anaitikia, wa tatu anaongeza chumvi. Jioni jamaa ameshakula viboko, ameshaandikiwa faini ya ng'ombe, na ukoo wake umeambiwa wasipolipa wanatengwa. Kumbe usiku ule alikuwa Sirari, kampeleka mgonjwa hospitali, na mgonjwa mwenyewe yupo. Hakuna aliyemuuliza.

Mfano huu nimeutunga mwenyewe. Lakini mtu wa kwetu akiusoma hashangai hata kidogo, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Swali langu ni hili: hivi vyombo vyetu vya kijijini, ritongo, sungusungu, wazee wa mila, vina kanuni zake, hata kama hazijaandikwa. Vina katiba yake. Mbona katika katiba hiyo hakuna kipengele cha kumlinda anayetuhumiwa?

TUANZE NA HAKI YAO

Sitaki mtu aniambie nimekaa mjini nimesahau kwetu. Kwa hiyo tuanze kwa kusema ukweli: ritongo lina kazi, na watu hawakulianzisha kwa kupenda kuumizana.

Kwa wasiolijua, ritongo ni mkutano wa hadhara wa jamii ya Wakurya. Wanaume wa eneo au wa koo fulani wanakaa, jambo linawekwa mezani, linajadiliwa mpaka linaiva, uamuzi unatoka. Nyuma yake wapo wazee wa mila, wanaoitwa inchama, wenye sauti kwenye mambo ya tohara, viapo na laana. Sungusungu ndio mikono na miguu: wanalinda usiku, wanafuata nyayo, wanakamata.

Sungusungu hawakuanzia kwetu. Waliibuka Usukumani na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, maeneo ya Kahama na Shinyanga, wakati wizi wa mifugo na ujambazi umewachosha watu na Dola inaangalia pembeni. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, silaha zilizagaa, na kwetu Tarime wizi wa ng'ombe ukabadilika sura: kutoka upinde na mshale wa mababu mpaka bunduki za kivita, na ng'ombe wakawa wanavushwa mpaka kwenda kuuzwa Kenya. Ndipo utaratibu wa sungusungu ukashika mizizi na kwetu, ukachanganyika na ritongo letu la asili.

Na kwa nini watu waliupenda? Jibu ni rahisi. Ukienda polisi unaambiwa hakuna mafuta ya gari. Ukirudi unaambiwa njoo kesho. Mtuhumiwa akifikishwa mahakamani, shahidi anatakiwa asafiri mara tano kwa nauli yake, kesi inaahirishwa, mwisho inafutwa kwa kukosa ushahidi, na yule bwana unamkuta senta anakunywa soda anakuangalia usoni. Ritongo linakaa leo, linaamua leo. Mzee aliyeibiwa anaweza kurudishiwa ng'ombe wake badala ya kuambiwa mwizi amefungwa Musoma. Kwa mtu ambaye utajiri wake wote una miguu minne, hiyo ni haki anayoweza kuishika kwa mkono.

Serikali yenyewe ililiona hilo. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo, sungusungu wakatambuliwa na kupewa mamlaka ya kukamata yanayofanana na ya askari polisi. Sikilizeni vizuri hapo, wadau: mamlaka ya KUKAMATA. Hawakupewa mamlaka ya kuhukumu. Hawakupewa mamlaka ya kuchapa. Ukimkamata mtu unatakiwa umkabidhi kwa vyombo vinavyohusika bila kuchelewa. Lakini kati ya kukamata na kukabidhi ndipo pana pengo, na ndani ya pengo hilo watu wameumia.

KASORO IKO WAPI?

Tusidanganyane. Tatizo la ritongo halikuanza kwa kuwa ni la asili. Tatizo ni mambo machache ambayo yanaweza kutajwa moja moja.

La kwanza, mtu anaweza kuhukumiwa bila kuambiwa kosa lake kwa wakati. Anaitwa, anafika, anakuta watu 300 wameshakubaliana. Hapo hata uwe na mdomo wa dhahabu, umechelewa.

La pili, mshtaki na hakimu wanaweza kuwa mtu mmoja. Kamanda aliyemkamata ndiye anayesimama kueleza ushahidi, ndiye anayepiga kelele "mnaonaje wananchi?", na wenzake ndio wanaokula sehemu ya faini. Mtu anayenufaika na hatia yako hawezi kupima kosa lako kwa mizani iliyo sawa. Hilo halihitaji kusomea sheria.

La tatu ni nyayo. Desturi yetu inasema kijiji ambacho nyayo za ng'ombe zinaishia, ama kionyeshe zilipotokea kwenda mbele, ama kilipe. Kama mbinu ya kupata ng'ombe, ina akili sana, maana inawalazimisha majirani kusaidia kutafuta. Lakini kama njia ya kujua nani mwizi, ni kamari. Mvua ikinyesha nyayo zinafutika. Mwizi mjanja anapitisha ng'ombe kwenye njia ya kunyweshea mifugo ya wengine. Matokeo yake mjane mwenye mbuzi wawili anachangishwa faini ya wizi ambao hata kuusikia ameusikia siku ya kulipa. Mkoloni Mwingereza alikuwa na sheria yake ya adhabu ya pamoja, ya mwaka 1921, ambapo kijiji au kabila zima liliweza kulipishwa kwa kosa la wachache. Tulimlaani kwa hilo. Halafu sisi wenyewe je?

La nne ni kutengwa. Watu wa mjini wanadhani kutengwa ni kununiwa. Siyo! Kutengwa ni kutosalimiwa, kutouziwa chumvi dukani, kutochotewa moto, kutosaidiwa ukipigiwa yowe, na ukifiwa unazika mwenyewe. Ni adhabu kubwa kuliko kifungo, maana wa kifungo anahesabu siku. Na adhabu hii imetumika hata kwa familia ambazo kosa lao ni kukataa binti yao asikeketwe. Ukeketaji wa mtoto wa kike ni kosa la jinai nchini tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Kwa hiyo mtu anatii sheria ya nchi, anaadhibiwa na sheria ya mila, na hakuna kikao ambacho binti mwenyewe au mama yake anaweza kusimama akasema neno, maana ritongo kwa desturi ni la wanaume. Mugumu na Masanga zipo nyumba zinazowapokea mabinti wanaokimbia msimu wa ukeketaji ukifika. Jiulize mtoto wa miaka 12 anakimbia nini, kama siyo uamuzi uliofanywa juu yake bila yeye kusikilizwa?

La tano, hakuna rufaa. Uamuzi ukishatoka, umetoka. Ukienda kulalamika polisi unaitwa msaliti. Na kama wewe si Mkurya, ni Msukuma, Mjita au Mluo uliyekuja kufanya biashara, kikao chenyewe kinaendeshwa kwa Kikurya na wewe unasikia jina lako tu likitajwatajwa.

KATIBA YA NCHI INASEMAJE?

Hapa ndipo wengi tunapigwa chenga. Tunadhani haki hizi ni za mahakamani tu, za watu wenye mawakili na suti. Hebu soma Ibara ya 13(6) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Kwa lugha ya kijiweni inasema hivi: haki na wajibu wa mtu unapoamuliwa na mahakama AU CHOMBO KINGINE chochote kinachohusika, mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Inaendelea: ni marufuku kumtendea mtuhumiwa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Ni marufuku kumwadhibu mtu kwa kitendo ambacho alipokifanya hakikuwa kosa. Heshima ya mtu itunzwe wakati wa upelelezi. Na ni marufuku kumtesa mtu au kumpa adhabu ya kumdhalilisha.

Hayo maneno "chombo kingine" ndiyo roho ya makala hii. Kwa mtazamo wangu, kikao kinachoweza kukuondolea ng'ombe watano na kukutenga na jirani zako kinaamua haki na wajibu wako. Kama kinafanya hivyo, hakiwezi kusema Katiba hainihusu. Ama kikubali masharti ya Katiba, ama kiache kuhukumu.

Na tukumbuke haki hizo hazikuja zenyewe. Wakati wa uhuru mwaka 1961 viongozi wetu, akiwemo Mwalimu wetu wa Butiama, walikataa kuweka orodha ya haki za binadamu kwenye Katiba. Hoja ilikuwa nchi changa inahitaji kujenga umoja na maendeleo, na mahakimu wa kikoloni wangezitumia haki hizo kuikwamisha Serikali. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Lakini bei yake tuliilipa. Mwaka 1976, katika operesheni ya kuwasaka wauaji wa vikongwe Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa waliteswa na baadhi yao wakafia mikononi mwa vyombo vya Dola. Januari 1977 mawaziri walijiuzulu, mmoja wao Ali Hassan Mwinyi aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, ingawa yeye hakumgusa mtu kwa mkono wake.

Haki zikaingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, Mwalimu akiwa bado madarakani, ila wananchi wakaambiwa wasubiri mpaka Machi 1988 ndipo waweze kwenda kuzidai mahakamani. Zilipoanza kudaiwa, Rais alikuwa Mwinyi yule yule. Historia nayo ina utani wake.

NA SERIKALI NAYO?

Nasikia tayari mtu anasema: "Mura, unawasakama wazee wetu tu, mbona Serikali yenyewe haisikilizi mtu?" Hoja yako ni halali, na naijibu kwa kesi mbili za kwetu.

Ya kwanza ni ya 1988, inaitwa kesi ya Chumchua Marwa, dhidi ya mkuu wa gereza la Musoma na Mwanasheria Mkuu. Serikali ilikuwa bado inatumia sheria ya kikoloni ya kuhamisha watu kwa nguvu, ambapo mtu aliweza kutolewa kwao akapelekwa sehemu nyingine kwa amri tu, bila kesi. Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua sheria hiyo inakwenda kinyume na Katiba. Ilikuwa moja ya kesi za mwanzo kabisa kupima makali ya haki zile mpya, na ilitoka kwetu.

Ya pili ni Nyamuma, wilaya ya Serengeti. Oktoba 2001 wakazi wa eneo hilo waliondolewa kwa nguvu, nyumba zikachomwa moto pamoja na vyakula. Serikali ilisema wapo ndani ya pori la akiba la Ikorongo. Wao walisema ni kwao. Wananchi 135, wakisaidiwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wakapeleka malalamiko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyokuwa ndiyo kwanza imeanza chini ya Jaji Robert Kisanga. Tume ilisikiliza pande zote mbili, na mwaka 2004 ikatoa uamuzi kwamba haki za wananchi zilivunjwa na wanastahili fidia. Serikali ikakataa kutekeleza. Kituo kikaenda Mahakama Kuu, ikasema haina mamlaka ya kutekeleza mapendekezo ya Tume. Kikakata rufaa, rufaa namba 88 ya mwaka 2006, na Mahakama ya Rufani ikasema Mahakama Kuu INAYO mamlaka hayo.

Angalia somo la Nyamuma. Hata kama Serikali ingekuwa sahihi kuhusu mpaka wa pori, bado kulikuwa na maswali ya msingi. Watu walipewa notisi ya kutosha? Walisikilizwa kabla ya kibiriti kuwashwa? Moto hauna rufaa. Ukishachoma ghala la mtama la mtu, hata ukija kushinda kesi miaka mitano baadaye, watoto wake tayari walishalala njaa.

Na mpaka leo sheria ya tawala za mikoa ya 1997 inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani mpaka saa 48. Sheria imeweka masharti yake, lakini tunajua mitaani neno "muweke ndani" linavyotumika kama rimoti ya televisheni.

Sasa unaona mantiki yangu. Ng'ambo ile mkuu wa wilaya anakuweka ndani bila kukuuliza. Ng'ambo hii ritongo linakutoza ng'ombe bila kukuuliza. Ugonjwa ni mmoja. Huwezi kulalamika umechomewa nyumba Nyamuma bila kusikilizwa, halafu jumamosi ukaenda kumchapa mwenzako bila kumsikiliza. Anayetaka kusikilizwa lazima naye awe tayari kusikiliza.

"HAKI ZA MTUHUMIWA NI HAKI ZA MWIZI"

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na inasemwa na watu ninaowaheshimu, watu walioamka asubuhi wakakuta zizi tupu. Wanasema: tukianza mambo ya ushahidi, mara notisi, mara rufaa, tutakuwa kama mahakama, na wezi watarudi.

Naielewa. Lakini hebu tufikiri pamoja.

Kwanza, ukimwadhibu asiye mwizi, mwizi bado yupo nje, tena sasa ana uhakika kwamba hatafutwi. Kila hukumu ya makosa ni zawadi kwa mwizi halisi. Kumsikiliza mtuhumiwa ni sehemu ya upelelezi. Yule kijana wetu wa bodaboda angeulizwa "usiku ulikuwa wapi?", angesema Sirari, simu moja ingepigwa, na saa ile ile msako ungehamia kwingine kabla ng'ombe hawajavuka mpaka.

Pili, chombo kisichosikiliza kinakuwa silaha ya wenye visa. Una ugomvi wa shamba na jirani yako? Mtaje kwenye ritongo. Umekataliwa na msichana? Mtaje kaka yake. Ni mwaka wa uchaguzi na huyu ni wa chama kile? Mtaje. Mfumo ambao kutajwa peke yake kunatosha, mwisho wake unatumika na wale wale uliotakiwa kuwadhibiti.

Tatu, kusikiliza hakuchukui muda. Kumpa mtu dakika 30 aseme na alete mashahidi wawili kutachelewesha nini? Wazee wetu wanakaa siku nzima kujadili mahari!

Nne, mambo ya haki za mtuhumiwa wa ujambazi siyo ya kuiga Wazungu. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ya 1985 ilikataza kabisa dhamana kwa mtuhumiwa wa unyang'anyi wa kutumia nguvu. Kesi ya Daudi Pete ikaanzia Mahakama Kuu Mwanza, kwa Jaji Mwalusanya huyo huyo, ikafika Mahakama ya Rufani, na mwaka 1991 Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wakakifuta kipengele hicho. Hoja yao kwa kifupi: huwezi kuwazuia watu wote waliotuhumiwa bila kuweka utaratibu wa kutofautisha aliye hatari na asiye hatari. Mjadala wa dhamana haukuishia hapo. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilifuta vipengele vingine vya kuzuia dhamana, na Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikavirudisha. Watu wazima, majaji wa hapa hapa, wanabishana. Kwa nini sisi wa Tarime na Serengeti tusibishane kuhusu vyombo vyetu?

WENZETU NG'AMBO YA SIRARI

Ukivuka Sirari ukaingia Isebania unakutana na Wakurya wenzetu, koo zile zile, ng'ombe wale wale (wakati mwingine kweli ni wale wale!). Na wao walikuwa na sungusungu wao. Lakini Katiba ya Kenya ya 2010 ilifanya kitu kimoja cha busara. Ibara ya 159 inaziambia mahakama zihimize njia za jadi za kutatua migogoro, halafu papo hapo inaziwekea mipaka: zisitumike kwa namna inayovunja haki za binadamu, wala inayokwenda kinyume na utu na haki, wala inayopingana na Katiba au sheria. Yaani wazee wanapewa kiti rasmi, na pia wanapewa mstari wa kutovuka.

Sijasema Kenya kila kitu ni shwari. Karatasi ni karatasi. Lakini karatasi inampa mnyonge mahali pa kushika. Sisi mchakato wa Katiba Mpya ulipoanza, tume iliongozwa na Jaji Joseph Warioba, mtu wa Bunda, wa mkoa huu huu. Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa na Bunge Maalumu Oktoba 2014, kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika. Tukisubiri Dodoma wamalize, kijana wetu wa bodaboda atakuwa ameshazeeka.

Habari njema ni kwamba hatuhitaji kuwasubiri.

KIPENGELE KINACHOWEZEKANA

Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, inaitisha mkutano mkuu wa kijiji wananchi watoe maoni, kisha inapeleka halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Na mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, mwanamke na mwanaume. Hapo ndipo mama na dada wanapopata sauti ambayo ritongo haliwapi.

Kwa hiyo pendekezo langu: kila kijiji chenye sungusungu kiandike sheria ndogo ya ulinzi, na ndani yake kiweke haki hizi, kwa Kiswahili chepesi:

1. Hakuna mtu atakayejadiliwa bila kuambiwa kosa lake mapema na kupewa muda wa kuleta mashahidi wake.

2. Aliyekamata, aliyeibiwa na ndugu zao hawatakuwa waamuzi. Na faini, kama ipo kisheria, iingie kwa stakabadhi kwenye akaunti ya kijiji, isiingie mfukoni mwa aliyekamata.

3. Mtu atajibu kosa lake mwenyewe. Ndugu, mke au kijiji hakitalipa kwa sababu nyayo zimeishia mlangoni. Nyayo ziwe mwanzo wa uchunguzi, zisiwe hukumu.

4. Hakuna kuchapa, kufunga kamba wala kumvua mtu nguo. Hakuna kutenga familia. Mwenye kufanya hivyo ndiye mkosaji.

5. Asiyejua Kikurya atatafsiriwa. Mwanamke na kijana wataruhusiwa kusema.

6. Uamuzi uandikwe kwenye daftari, na asiyeridhika aende baraza la kata, polisi au mahakama ya mwanzo bila kuitwa msaliti.

7. Mauaji, ubakaji, ukeketaji na unyang'anyi wa silaha siyo kesi za kijiji. Kamata, kabidhi, andika muda wa kukabidhi.

Ukiangalia vizuri, hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji bajeti. Kinahitaji daftari, kalamu na aibu kidogo.

Najua sheria ndogo nazo zinaweza kukaa kabatini zikaliwa na panya. Kwa hiyo lazima wawepo watu wa kuzisimamia, na hapo ndipo ninyi mnaosoma hapa mnaingia. Tangu 2017 tuna sheria ya msaada wa kisheria inayowatambua wasaidizi wa kisheria, na huhitaji kuwa wakili kuwa mmoja wao. Ninyi ndio mnaojua kusoma na kuandika haraka, mnaweza kuwa makatibu wa vikao. Katibu anayeandika "mtuhumiwa alisema hivi" tayari amemlazimisha kila mtu kikaoni amsikilize mtuhumiwa akisema. Kalamu imewahi kuokoa watu wengi kuliko upanga, ila haina kelele.

Na wazee wetu wasione tunawapokonya kiti. Ritongo la zamani, kwa asili yake, ni mahali pa MANENO. Watu wanakaa ili kusema na kusikia. Lililoingiza haraka, viboko na faini za kugawana ni hofu ya bunduki na njaa ya hela ya miaka hii ya karibuni. Kumpa mtuhumiwa nafasi ya kusema ni kulirudisha ritongo kwenye kazi yake yenyewe.

Wadau, siku moja jina litakalotajwa pale linaweza kuwa la kwako. Utakuwa umekaa hapo hapo kwenye kompyuta ya kafe, saa yako inaisha, simu inaita: "Mura, njoo haraka, umetajwa." Siku hiyo hutauliza kama haki za mtuhumiwa ni za Kizungu au za Kikurya. Utauliza kitu kimoja tu: je, nitasikilizwa?

Tulijibu swali hilo leo, wakati bado jina siyo letu.

Naomba kuwasilisha. Mliopo Nyamongo, Sirari, Mugumu, Nata na kwingineko, tuambieni vijiji vyenu vinafanyaje, vizuri na vibaya. Ila tafadhali, msitaje majina ya watu. Tumeshaona kutajwa kunafanya nini.